Fundi, Kazi Yangu Itakuwa Tayari Lini?

Mpenzi msikilizaji, leo naanza na swali. Umempelekea fundi kitu chako cha thamani, kitu ambacho duniani kote kiko kimoja tu. Fundi anakipokea, anakigeuza huku na huku, kisha anakutazama machoni na kukwambia, "Njoo baada ya mwaka mmoja." Je, utamwachia, au utakichukua kitu chako ukatafute fundi mwingine?

Najua jibu la wengi wetu. Tutaondoka tukinung'unika kwamba fundi huyo hajui kazi au hataki pesa. Tumezoea mafundi wa "njoo Ijumaa". Lakini iko kazi moja duniani ambayo jibu lake la kawaida ni hilo la mwaka mmoja, na fundi wa wiki mbili ndiye wa kuogopwa. Ni kazi ya kumtengeneza mnyama aliyekufa hata akasimama tena kama mzima, macho yake yakikutazama na masikio yake yamesikiliza. Kitaalamu kazi hii huitwa taksidemi. Mimi leo nitamwita mwenye kazi hiyo fundi wa ngozi, na kazi yenyewe nitaiita kumsimamisha mnyama.

Huenda ukauliza, sisi watu wa mjini tunahusika vipi na habari hizo? Tunahusika sana. Hapa Nairobi, maelfu ya watu hushuka matatu kila jioni katika mtaa wa Zimmerman, karibu na Kasarani. Wanalitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni jina la fundi wa ngozi. Paul Zimmermann alikuwa Mjerumani aliyekuwa na kiwanda kikubwa cha kazi hiyo hapa Nairobi. Wawindaji kutoka Ulaya na Marekani walimpelekea simba, nyati na swala waliowapiga huku kwetu, naye akawasimamisha na kuwapeleka ng'ambo. Kisha mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikapiga marufuku biashara ya ngozi na pembe. Kazi ile ikafika mwisho wake. Leo, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, ukikutwa na nyara ya mnyama wa porini bila kibali, safari yako ni ya mahakamani. Kwa hiyo asije mtu akadhani namhimiza akamsimamishe swala sebuleni!

Wala sina haja leo ya kuingia katika ubishi wa kama ni haki au si haki kuwinda kwa burudani. Nataka tuitazame saa ya fundi. Mbona inamchukua mwaka mzima kumaliza kichwa kimoja cha mnyama?

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema mnyama wa namna hii "amejazwa", kana kwamba ni mto wa kulalia uliojazwa pamba. Zamani ndivyo ilivyokuwa hasa. Ngozi ilishonwa na kujazwa majani makavu na matambara mpaka ikavimba. Katika jumba la makumbusho la Horniman, mjini London, amehifadhiwa tangu zama za Malkia Victoria mnyama mmoja mkubwa wa bahari za barafu, mwenye meno mawili marefu kama pembe za tembo. Mnyama huyo akiwa hai ngozi yake ina mikunjo mingi kama shati lisilopigwa pasi. Lakini mafundi wa wakati huo hawakuwa wamemwona mzima, basi wakamjaza, wakamjaza, hata mikunjo yote ikaisha. Mpaka sasa amevimba kama puto. Amekuwa maarufu kwa kosa la aliyemjaza!

Siku hizi mnyama hajazwi. Ngozi huvalishwa juu ya sanamu ya umbo lake, aghalabu ya povu gumu lililo jepesi. Na kabla ya kuvalishwa, kuna mambo ambayo hayakubali kusukumwa.

Hatua ya kwanza ina haraka kuliko zote, tena haimo mikononi mwa fundi. Mnyama akishakufa, hasa katika joto la nchi zetu, vijidudu vya uozo huanza kazi mara moja. Ngozi isipochunwa upesi, ikakwanguliwa nyama na mafuta yote, ikapakwa chumvi kila mahali, mpaka ndani ya masikio na midomo, manyoya yatalegea na kunyonyoka. Na manyoya yakishanyonyoka hakuna fundi wa kuyarudisha, hata umlipe nini. Ndiyo maana katika kambi za uwindaji za Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, mchunaji ni mtu wa kuheshimiwa. Mgeni anayekuja na bunduki ya bei kubwa hutegemea kisu na chumvi ya mtu ambaye jina lake halitaandikwa popote.

Baada ya chumvi, ngozi hukaushwa, kisha hupelekwa kwenye kiwanda cha ngozi kutengenezwa kwa dawa mpaka iwe laini na isioze tena. Mafundi wengi huko Marekani hawafanyi kazi hii wenyewe. Huipeleka ngozi kiwandani, pengine katika jimbo jingine, na huko nako kuna foleni ya miezi kadhaa. Ikirudi, ndipo fundi anaanza kazi ya mikono. Huivalisha ngozi juu ya sanamu, huigandisha kwa gundi, huweka macho ya kioo na udongo wa mfinyanzi kuyazunguka, hushona mishono isiyoonekana, hunyoosha masikio. Kazi hiyo kwa kichwa kimoja ni ya siku chache tu.

Ndipo unapokuja wakati wa kukauka. Ngozi hujikunja inapokauka, kama vile mbao mbichi inavyopinda. Fundi huipigilia pini kuzunguka macho, pua na midomo ili isivutike, kisha huiacha kwa majuma kadhaa. Kila akipita huitazama na kurekebisha. Ikishakauka kabisa ndipo hupaka rangi pale penye pua na kope, kwa sababu rangi ya asili hupotea. Sasa fikiri fundi mwenye haraka. Anapaka rangi ngozi ingali mbichi ndani, anakukabidhi, unalipa, unashukuru. Baada ya miezi mitatu ukutani kwako ngozi inamaliza kukauka. Kope zinajivuta nyuma, midomo inaachama, mshono wa shingoni unafumuka. Mnyama aliyekuwa amekutazama kwa upole sasa anakutazama kama aliyeona jini.

Liko na jambo la foleni. Msimu wa kuwinda kulungu huko Marekani ni wa miezi michache ya mwisho wa mwaka, na wateja wote huja kwa pamoja. Nao mafundi wengi ni mtu mmoja na pengine msaidizi, katika karakana nyuma ya nyumba. Tufanye hesabu ndogo. Fundi akipokea vichwa 100 katika msimu mmoja, na akaweza kumaliza viwili kwa wiki, mteja wa mwisho atangoja wiki 50. Hakuna uvivu hapo, wala hakuna hila. Ni hesabu ya darasa la nne. Ndiyo maana mwindaji wa huko akiambiwa ngoja miezi minane au mwaka mmoja, hashangai. Na kwa nyara inayotoka Afrika, ongeza dawa ya kuua wadudu, vibali vya nchi inakotoka na vya nchi inakokwenda, sanduku, meli na wakaguzi wa bandarini. Tangu siku ya risasi hadi siku ya kutundika ukutani, mwaka mmoja na nusu au hata miwili si ajabu.

Hebu sasa tuangalie wanyama watatu waliosimamishwa na kupata umaarufu.

Wa kwanza ni Jumbo, tembo wa Afrika aliyekuwa akionyeshwa katika sarakasi ya tajiri wa Kimarekani, P. T. Barnum. Tarehe 15 Septemba 1885 aligongwa na garimoshi huko Kanada akafa. Barnum alikuwa mfanyabiashara, na kila siku bila Jumbo ilikuwa hasara. Mwaka uliofuata tayari tembo huyo alikuwa amesimama tena mbele ya watu. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 21, Carl Akeley. Sasa sikiliza kijana huyo alivyokuja kubadilika. Alipokuwa bingwa wa kazi yake, akaamua kujenga katika makumbusho ya mjini New York ukumbi wa wanyama wa Afrika, kila mmoja amesimama katika mandhari ya kwao, na miti yake na majani yake. Alisafiri huku kwetu mara kadhaa. Mwaka 1926 alifariki dunia kwenye milima ya Virunga huko Kongo, akazikwa huko huko. Ukumbi wake ulifunguliwa mwaka 1936, miaka kumi baada ya kifo chake. Kijana aliyemaliza tembo chini ya macho ya tajiri mwenye haraka, uzeeni alianza kazi asiyoishi kuiona imekwisha. Na ukumbi huo ungalipo, watu wanaingia kuutazama.

Wa pili ni kobe mkubwa wa visiwa vya Galapagos, nchi ya Ecuador, aliyejulikana kama Lonesome George. Alikuwa wa mwisho wa aina yake kutoka kisiwa cha Pinta. Alikufa tarehe 24 Juni 2012, na kwa kifo chake kizazi kile kikafutika duniani. Mwili wake uligandishwa kwa barafu, mwaka 2013 ukasafirishwa hadi Marekani, na Septemba 2014 akaonyeshwa New York akiwa amesimama. Mwaka 2017 akarudishwa kwao. Zaidi ya miaka miwili kumsimamisha kobe mmoja! Lakini tafakari, msikilizaji. Fundi aliyepewa kobe huyo angeliharibu, angemwomba nani amletee mwingine?

Wa tatu ni wetu wenyewe, tena ni wawili. Ni wale simba wa Tsavo waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, wakati daraja la Mto Tsavo linajengwa. Kanali John Henry Patterson, mhandisi wa daraja hilo, aliwapiga risasi Desemba mwaka huo. Alikuja kusema wameua watu 135, ingawa utafiti uliotolewa mwaka 2009, uliopima mifupa na manyoya yao, ulikisia kiasi cha watu 35. Patterson hakuwapeleka simba wake kwa fundi wa kuwasimamisha. Ngozi zao zilikatwa zikawa mazulia ya sakafuni, zikakanyagwa kwa miaka. Mwaka 1924 aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, kwa dola 5,000. Mwaka 1925 simba wakawekwa mbele ya watu, zaidi ya miaka 26 tangu kufa kwao.

Ukienda kuwatazama leo utashangaa jinsi walivyo wadogo. Patterson mwenyewe alimpima wa kwanza akapata futi 9 na inchi 8, kutoka pua hadi ncha ya mkia. Wale wa Chicago hawafikii hapo. Sababu ni kwamba ngozi ilipokatwa iwe zulia, sehemu zake ziliondolewa, na fundi wa mwaka 1925 alilazimika kuvalisha kilichobaki. Miaka 26 ya kungoja haikuongeza hata inchi moja.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo nilipokuwa napakusudia. Kuna kungoja kwa aina mbili. Lonesome George alingojewa miaka miwili na kila mwezi ulikuwa na kazi yake: mwezi wa barafu, mwezi wa safari, miezi ya kupima, kutengeneza umbo na kukausha. Simba wa Tsavo walikaa miaka 26, na miaka hiyo haikuwa na kazi yoyote ndani yake. Ilikuwa miaka ya kukanyagwa tu. Ukitazama kalenda utasema waliongojewa zaidi ndio waliotunzwa zaidi. Kumbe sivyo. Subira yavuta heri, walisema wahenga, lakini hawakusema subira ya mtu ambaye kazi yake haijaguswa.

Na methali hiyo nzuri imegeuzwa kichaka. Mafundi wetu wa mijini wamejificha humo. Fundi wa nguo ana kitambaa chako tangu Pasaka, seremala ana arbuni yako tangu mvua za masika, na ukiuliza unaambiwa, "Haraka haraka haina baraka, bwana." Baraka gani, nawe hata tepu hujaigusa?

Miaka michache iliyopita mama yangu alinipa picha ya marehemu baba. Ilikuwa picha pekee ya baba akiwa kijana, amevaa sare ya reli, kofia kaiweka kwapani. Ilikuwa imeingia madoa ya maji na kona moja imeliwa na mchwa. Mama alitaka isafishwe, ikuzwe na kutiwa fremu ili aitundike. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa picha, hapa hapa mjini. Aliniambia njoo Ijumaa. Nikalipa nusu, nikapewa risiti.

Ijumaa nikaambiwa mashine ina hitilafu. Ijumaa ya pili, kijana wa kazi amefiwa. Ijumaa ya tatu, "Iko kwenye rangi, mzee, imebaki kidogo sana." Nilihesabu Ijumaa 11. Kila Jumapili mama alikuwa akipiga simu: "Mwanangu, baba yako ametoka?" Nami namjibu, iko kwenye rangi, mama. Ijumaa ya 11 sikukubali kuondoka. Fundi akapekua kabati, akapekua meza, mwisho akaivuta bahasha chini ya rundo la karatasi. Ilikuwa ni bahasha ile ile yangu, imefungwa kwa pini ile ile niliyoifunga. Haikuwa imefunguliwa hata siku moja.

Namshukuru Mungu picha ilikuwa salama. Nilipomweleza mama sikutaja hasira zangu, nilimwambia tu kwamba kazi haikuanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Angesema miezi mitatu, ningengoja miezi mitatu. Nimemngoja baba yako arudi na garimoshi miaka 30. Kungoja nakujua. Lakini baba yako akisema Alhamisi, ilikuwa Alhamisi."

Tukaipeleka kwa fundi mwingine. Huyo aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Hapa kwenye shavu pana doa gumu. Nipe wiki tano. Nikichelewa nitakupigia simu." Wiki ya tano ikafika, simu ikaja: "Bado wiki moja, fremu ndiyo imechelewa." Wiki ya sita picha ikawa ukutani kwa mama. Alichelewa, ndiyo. Lakini hakuna aliyemnung'unikia.

Hata hivyo nisiwaonee mafundi. Nimezungumza na baadhi yao, na wana neno. Seremala mmoja aliniambia hivi: "Bwana, mimi nikimwambia mteja kabati hili ni miezi miwili kwa kuwa mbao lazima zikauke, anavuka barabara kwa jirani anayemwambia wiki mbili. Jirani anachukua arbuni, anakaa nayo miezi mitatu. Mimi mkweli nimelala njaa. Nimejifunza na mimi kusema wiki mbili." Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Uongo wa fundi una mnunuzi, na mnunuzi ni sisi. Tunamkimbia anayetaja mwaka, tunamkumbatia anayetaja Ijumaa, halafu tunalia. Tukiendelea hivyo tutawafukuza sokoni mafundi wakweli wote, tubaki na wale wa "imebaki kidogo".

Sasa tufanyeje? Naona mambo matatu tunayoweza kujifunza kutoka kwa wateja wa fundi wa ngozi, waliozoea kungoja.

Kwanza, usiulize tu "lini". Uliza "kwa nini". Fundi mwenye kazi ya kweli ataweza kukupangia muda wake: wiki hizi ni za kukausha, hizi ni za foleni, hizi ni za mikono yangu. Asiyeweza kuupanga muda wake huenda hana kazi ndani yake.

Pili, uliza "kitu changu kiko wapi sasa?" Swali hili halimtusi fundi mwema. Ngozi iko kiwandani, au iko kwenye chumvi, au iko kwenye pini inakauka. Kila jibu ni mahali pa kweli, na ukitaka unaweza kwenda ukaone. "Iko kwenye rangi" bila kukuonyesha rangi, hiyo ndiyo bahasha chini ya karatasi.

Tatu, masharti yawekwe mwanzoni na yaandikwe. Kuna kisa cha mtu mmoja mweusi, John Edmonstone, aliyezaliwa utumwani huko Guyana, akapata uhuru wake na kwenda kufanya kazi ya kusimamisha ndege na wanyama katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1826 alijiwa na mwanafunzi aliyetaka kujifunza ufundi huo. Wakakubaliana: gini moja, saa moja kila siku, kwa miezi miwili. Hapakuwa na njoo kesho. Mwanafunzi huyo alikuwa Charles Darwin, na ufundi aliofundishwa na Edmonstone alikwenda nao katika safari yake ya kuzunguka dunia, akahifadhi kwa mikono yake ndege ambao wataalamu wangali wanawachunguza.

Kwa sisi Wakenya liko na la nne. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Wengi tunadhani kifungu hicho kinahusu makampuni makubwa peke yake. Mimi nakisoma hivi: muda wa kweli wa kazi ni habari ambayo mteja anaihitaji kabla hajatoa shilingi yake. Anayekuficha muda huo amekunyima haki yako, hata kama kibanda chake ni cha mabati.

Ahadi ni deni, na deni la fundi si kazi peke yake. Ni kazi pamoja na siku aliyoitaja. Siku ikishindikana, basi deni ni neno moja la simu: nimechelewa, sababu ni hii, siku mpya ni hii. Neno hilo halina gharama kubwa siku hizi, kila mmoja ana simu mfukoni. Gharama yake ni aibu kidogo tu, na fundi anayeweza kuibeba aibu hiyo ndogo ndiye wa kumwachia kitu kilicho kimoja duniani.

Nasi wateja tuna deni letu. Wiki hii ukimkuta fundi akakwambia kazi yako ni ya miezi minne, tena akakueleza kila mwezi una nini, usimkimbie. Toa arbuni, chukua risiti, andika tarehe kwenye kalenda, kisha mwache afanye kazi. Usimpigie simu kila asubuhi, maana saa anayokujibu wewe ameitoa kwenye kazi yako.

Mimi naishia hapa. Hadi wiki ijayo, siku na saa kama hizi, nakutakia wiki njema.